Kinaya cha Makubadhi ya Gandhi

Katika karakana za Bombolulu, bara ya kaskazini ya Mombasa, ambazo tangu 1969 zimekuwa zikiwapa kazi mafundi wenye ulemavu, watu hufua mapambo, huchonga miti na kushona ngozi. Hapo thamani ya kitu hutokana na mkono uliokitengeneza. Liko soko jingine ambalo thamani hutokana na mguu uliokivaa kitu hicho, na humo kinaya hujidhihirisha kwa ukali.

Mohandas Gandhi, aliyepitia Lamu, Mombasa na Unguja mwaka 1893 akiwa wakili kijana safarini kwenda Durban, alikuja kuishi kwa kanuni ya kutomiliki. Machi 2009, makubadhi yake, miwani, saa ya mfukoni, bakuli na sahani vilinadiwa mjini New York. Serikali ya India ilipinga. Mahakama ya Delhi ikatoa amri ya kuuzuia mnada. Mwenye kuviuza naye akajaribu kuviondoa dakika za mwisho. Nyundo ikagonga hata hivyo, kwa dola milioni 1.8. Aliyevinunua, kwa nia ya kuvirudisha India, ni Vijay Mallya, tajiri wa pombe. Na pombe Gandhi aliipiga vita kwa miaka mingi.

Wengi waliishia hapo wakacheka. Lakini kinaya cha pombe ni chepesi. Kizito ni kwamba vitu hivyo vilitukuzwa kwa sababu ya uhafifu wake: kadiri mwenyewe alivyoikataa mali, ndivyo bei ilivyopanda. Hata waliopinga mnada waliitetea heshima yake kwa kusema "ni vyetu", kauli ambayo yeye alijitahidi kuifuta kinywani mwake. Jan Smuts, aliyemfunga huko Afrika Kusini, alielewa zaidi: makubadhi aliyoshonewa na mfungwa wake aliyarudisha 1939, akijiona hastahili kusimama ndani yake.

Hoja hii, hata hivyo, isitumiwe kuwanyamazisha Wanandi. Fimbo za Koitalel arap Samoei zilichukuliwa na Richard Meinertzhagen baada ya kumwua Oktoba 1905, na mwanawe akazirudisha 2006. Hazikuwa mali ya mtu aliyeiacha dunia. Zilikuwa alama za madaraka, zilizoporwa kwenye maiti. Anayezidai hagombei vitu, bali kiti kilichopinduliwa. Na fuvu lake, ambalo Wanandi huamini kwamba lilipelekwa Uingereza, bado wanalidai.