Jina la Kiswahili, Sauti ya Kigeni: Kizazi Moto na Hadhira ya Mwambao wa Tanganyika

Ikisiri

Makala haya yanauhakiki mfululizo wa katuni za bunilizi ya kisayansi uitwao Kizazi Moto: Generation Fire (2023) kwa kuuweka mbele ya hadhira ambayo haikuwekwa maanani ulipotengenezwa, yaani wasemaji wa Kiswahili wa Rumonge na mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika. Hoja kuu ni kwamba bunilizi ya kisayansi ya runinga imekipa Kiswahili nafasi ya jina bila kukipa nafasi ya lugha ya kazi. Aidha, makala yanadai kwamba utafiti wa miitikio ya watazamaji katika ukanda huu hauwezi kukamilika bila kumhesabu msimulizi wa kibanda cha video kuwa sehemu ya matini. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa watunga sera.

Utangulizi

Tarehe 5 Julai 2023, siku mbili kabla ya Siku ya Kiswahili Duniani, huduma ya Disney+ ilianza kuonyesha filamu fupi 10 za katuni chini ya jina Kizazi Moto. Kazi hiyo iliongozwa na studio ya Triggerfish ya Cape Town, na waongozaji wake walitoka Afrika Kusini, Kenya, Misri, Nijeria, Uganda na Zimbabwe. Kila filamu inaiwaza Afrika ya wakati ujao kwa kuchanganya teknolojia na imani za wahenga. Wahakiki wengi wa kimataifa waliipokea kwa sifa, hasa kwa wingi wa mitindo ya uchoraji na rangi.

Miitikio hiyo, hata hivyo, ilikuwa ya watu walioweza kulipia huduma, kuwa na intaneti ya kasi na kufuata Kiingereza. Wakati huo Disney+ ilikuwa haijafunguliwa rasmi Burundi, Kenya, Tanzania wala Uganda. Maongezi ya filamu kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza, ingawa lafudhi ni za Kiafrika. Hivyo lugha iliyotoa jina ilibaki mlangoni, pamoja na wenyewe. Swali la makala haya ni hili: tunapozungumzia miitikio ya hadhira ya Kiswahili kwa kazi ya namna hii, tunazungumzia nini hasa?

Kutoka Uhura hadi Kizazi Moto

Kiswahili si kigeni katika bunilizi ya kisayansi ya runinga. Mwaka 1966 mfululizo wa Marekani Star Trek ulimtambulisha afisa wa mawasiliano aitwaye Uhura, jina lililotokana na neno uhuru, na mwaka 1973 mhusika huyo akaingia katika toleo la katuni. Sehemu moja ya mwaka 1967, "The Changeling", inastahili kuangaliwa kwa makini. Humo mashine inafuta kumbukumbu ya Uhura. Anapofundishwa upya kusoma Kiingereza, anakwama, na katika kukwama huko anasema Kiswahili. Kisha anafuzu Kiingereza na kurudi kazini. Ujumbe ambao huenda waandishi hawakuukusudia uko wazi: Kiswahili ni lugha ya utoto na ya kukwama, na Kiingereza ndicho kinachoendesha chombo cha angani.

Zaidi ya nusu karne baadaye, mpangilio huo haujabadilika sana. Super Sema, katuni ya Kenya iliyoanza 2021, inamweka msichana mbunifu katika kijiji kiitwacho Dunia, akipambana na mtawala wa akili mnemba. Jina la shujaa ni kitenzi cha Kiswahili chenye maana ya kutamka, ilhali yeye mwenyewe ametungwa atamke Kiingereza. Ndani ya Kizazi Moto imo filamu iitwayo Hatima, iliyoongozwa na Waafrika Kusini. Majina haya yamechaguliwa kwa heshima, lakini yanafanya kazi ya nembo: yanamwambia mtazamaji wa mbali kwamba hapa ni Afrika, kisha yananyamaza.

Jina kuu lenyewe linaonyesha kasoro ya mpangilio huo. Watengenezaji walieleza kwamba limetokana na "kizazi cha moto", kwa maana ya kizazi chenye ari na ubunifu. Kwa msemaji wa Kiswahili, kuondoa kiunganifu kunabadilisha kitu. Maji moto ni maji yaliyopata joto, basi kizazi moto ni kizazi kilichochemka. Kwa upande mwingine, kizazi cha moto, kwa masikio yaliyozoea mimbari za msikiti na kanisa, kinaweza kusikika kuwa kizazi cha jehanamu kabla hakijawa kizazi cha ari. Hakuna tafsiri kati ya hizi iliyo mbaya kwa sanaa. Tatizo ni kwamba utata huu, ambao ungeweza kuzaa mjadala mzuri, hauonekani kwa hadhira isiyojua lugha, na hadhira inayoijua haikupewa nafasi ya kuujadili.

Wasemaji wa Kiswahili wanapopewa nafasi, mara nyingi huitikia lugha kwanza. Mwaka 2018 kulizuka malalamiko makubwa kuhusu alama ya biashara ambayo Disney iliisajili Marekani mwaka 2003 kwa maneno "hakuna matata", yaliyovuma kupitia katuni ya The Lion King ya 1994. Kisheria usajili huo ulihusu mavazi na haukumzuia mtu kusema maneno hayo. Hata hivyo makumi ya maelfu ya watu walitia saini kuupinga. Miaka 24 baada ya filamu kutoka, kilichowachoma watazamaji wa Afrika Mashariki hakikuwa hadithi ya simba bali umiliki wa maneno.

Hadhira ya mwambao

Rumonge ni mji wa bandari, wavuvi na mawese, yapata kilomita 70 kusini mwa Bujumbura. Kiswahili kilifika mwambao huu kwa biashara ya karne ya 19 iliyopitia Ujiji, kikakaa kama lugha ya soko, msikiti na mtumbwi. Kimeimarishwa na ujirani wa Kigoma upande mmoja na wa Uvira na Fizi ng'ambo ya ziwa. Kimeongezewa nguvu pia na kurejea kwa familia zilizokimbilia Tanzania kufuatia mauaji ya 1972, ambazo watoto wao walikulia katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Wengi wa watoto hao walirudi katika nchi ya wazazi wao wakiwa na Kiswahili kama lugha ya ujana wao.

Hadhi ya lugha hiyo haijalingana na matumizi yake. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 inataja Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kiswahili hufundishwa shuleni na husikika katika matangazo ya taifa, lakini hakimo katika orodha hiyo. Katika mazungumzo ya Kirundi, kumwita mtu umuswahili mara nyingi ni kumwita mjanjamjanja. Kwa hiyo mtazamaji wa Rumonge anayekutana na jina la Kiswahili juu ya kazi inayosifiwa ulimwenguni anakutana na jambo lenye uzito kuliko burudani. Lugha aliyoizoea kama ya soko imepewa wakati ujao. Anapogundua kwamba imepewa jina tu, funzo analolipata ni lile lile alilokwisha kupewa na sheria.

Jambo la pili linahusu maudhui. Kina cha Ziwa Tanganyika kimekuwa kikipanda tangu takriban mwaka 2018, na mafuriko ya miaka ya karibuni yamefunika makazi Rumonge na Gatumba. Filamu ya Hatima inasimulia uhasama baina ya watu wa majini na watu wa nchi kavu. Kwa hadhira ya mbali hiyo ni njozi. Kwa familia ambayo ukuta wa nyumba yake sasa unapigwa na mawimbi, ni hali ya leo iliyovikwa vazi la kesho. Hadithi ya watu wawili wanaojiona wa asili mbili zisizopatana nayo haipiti bure mahali penye kumbukumbu ya 1972.

Msimulizi kama sehemu ya matini

Nadharia za mapokezi hutusaidia hadi kiwango fulani. Stuart Hall, katika kazi yake ya mwaka 1973, alieleza kwamba mtazamaji anaweza kuikubali maana iliyokusudiwa, kuijadili au kuipinga. Mfano huo unachukulia kwamba kila mtazamaji amewekewa mbele yake kitu kimoja. Karin Barber, akiandika kuhusu hadhira za Afrika mwaka 1997, alitutanabahisha kwamba hadhira haipatikani ikiwa tayari, bali huundwa na utendaji na historia. Katika kibanda cha video hoja hiyo ina sauti ya kusikika.

Afrika Mashariki ina desturi imara ya filamu zinazosimuliwa juu ya sauti ya asili. Tanzania ilimjua Lufufu, Kenya ina DJ Afro, Uganda ina VJ Jingo. Rwanda ina agasobanuye, ambayo ukaribu wa Kinyarwanda na Kirundi umeifanya ieleweke Burundi pia. Msimulizi hupunguza sauti ya filamu, huwapa wahusika majina ya mtaani, hufafanua, hutania na hukemea. Anafanya kile ambacho mtambaji wa ngano amekifanya siku zote. Ngano ya Kiswahili haianzi mpaka wasikilizaji wajibu "pakawa", na ya Kirundi nayo huhitaji kiitikio. Mwitikio ni sharti la hadithi kuendelea. Katika mazingira haya, mjadala wa maana ambao Hall aliuweka kichwani mwa mtazamaji hufanyika hadharani, na huanza kabla mtazamaji hajaamua lolote.

Tuchukue Herderboy, filamu ya Raymond Malinga wa Uganda iliyomo katika mfululizo huu. Katika ufalme wa Chwezi, wachungaji wenye miili iliyounganishwa na mashine wanalinda ng'ombe wa ajabu dhidi ya viumbe wa kiroho, na kijana Ndahura anatamani kuwa mmoja wao. Hadhira ya Burundi ingewatambua mara moja ng'ombe wenye pembe ndefu, na jina la Ndahura linatoka katika masimulizi ya Maziwa Makuu. Lakini msimulizi wa Kiswahili angelazimika kuamua mambo mawili. La kwanza ni mchungaji: roboti, au mtu wa chuma? "Roboti" inamnyima utu, ilhali "mtu wa chuma" inauacha utu huo na kuongeza sifa ya ushujaa. La pili ni maadui: mizimu, majini au mashetani? Akisema mizimu, hadithi ni ya ukoo na deni kwa waliotangulia. Akisema majini, inaingia katika elimu ya Kiislamu ya viumbe wasioonekana. Akisema mashetani, imekuwa vita vya wema na uovu, na imani ya jadi iliyomo ndani ya filamu imehukumiwa kabla haijasikilizwa.

Hapa ndipo nguvu na udhaifu wa mfululizo huu vinapoonekana pamoja. Nguvu yake ni kwamba picha zinaruhusu tafsiri zote tatu, na Malinga hakuichora imani ya wahenga kama ujinga. Udhaifu wake ni kwamba Kiingereza kimeusawazisha mkanganyiko huo kwa neno moja la jumla, kikaficha uamuzi mgumu ambao kila jamii ya ukanda huu hulazimika kuufanya. Kwa maana hiyo, msimulizi akiipata filamu hii hataiharibu. Atalifungua swali ambalo toleo la asili limelifunga.

Pingamizi na athari kwa sera

Pingamizi mbili zina uzito. Ya kwanza ni ya hakimiliki: filamu nyingi zinazosimuliwa vibandani hazina kibali, na msanii wa Kampala au Nairobi ana haki ya jasho lake. Ni kweli, na makala haya hayatetei wizi. Lakini mahali ambapo kazi haiuzwi kihalali kwa bei wala lugha yoyote inayofikika, kukataza peke yake hakumlipi msanii. Ya pili ni ya usanifu: msimulizi hutumia Kiswahili cha mchanganyiko, chenye Kirundi, Kifaransa na lahaja za Kongo. Jibu ni kwamba istilahi hukubalika kwa kutumiwa. Leo wengine husema akili mnemba na wengine akili unde, na kamati peke yake haitaumaliza ushindani huo. Vibanda vingeweza kuwa mahali pa kuzipima istilahi hizi mbele ya watu wanaozihitaji.

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na vituo vya utangazaji vya taifa vijadiliane kwa pamoja haki za sauti ya Kiswahili kwa katuni za Kiafrika. Soko la nchi moja ni dogo, lakini la Jumuiya nzima linaweza kuzungumza. Pili, wasimulizi wenye uzoefu waajiriwe katika uingizaji huo wa sauti badala ya kuachwa nje kama wahalifu. Tatu, tafiti za miitikio ya hadhira zirekodi na kunukuu yanayosemwa na msimulizi na yanayojibiwa na ukumbi, kwa kuwa hojaji inayotolewa baada ya onyesho huwakuta watu wakiwa wameshajibu. Kwamba njia hii inawezekana tumeshaona: Ubongo Kids ya Dar es Salaam ilianza kwa Kiswahili mwaka 2014 ikifundisha hisabati na sayansi, kisha ikatafsiriwa kwenda lugha nyingine za Afrika. Safari ilianzia kwenye Kiswahili, na sayansi haikupungua kitu.

Hitimisho

Kizazi Moto ni kazi yenye thamani, na uhakiki huu haukusudii kuishusha. Inathibitisha kwamba wachoraji wa Afrika wanaweza kuuwaza wakati ujao bila kuomba ruhusa. Lakini tangu Uhura wa 1966, Kiswahili kimekuwa kikibebwa katika chombo cha angani kama bendera, si kama lugha ya rubani. Mtoto wa Rumonge anayejifunza kwamba lugha yake inafaa kwa jina la wakati ujao na haifai kwa mazungumzo yake anajifunza kitu ambacho hakuna mtaala utakaokifuta kwa urahisi. Walio na uwezo wa kuamua lugha ya sauti katika runinga za Jumuiya wanaamua pia ni nani atakayejiona ndani ya kesho hiyo akiwa na la kusema.