Silabi na Viungo vya Kitenzi: Kasoro ya Kuhesabu Irabu

Wako wafundishao kwamba idadi ya silabi katika neno la Kiswahili ni idadi ya irabu zake. Kanuni hiyo ni nyepesi, nayo yafaa kwa neno kama *nitasoma* (ni-ta-so-ma), ambamo kila konsonanti ina irabu yake. Lakini katika vitenzi vyenye *m* ya mtendwa yapotosha.

Tulinganishe *kumbusha* na *kumbusu*. Katika *kumbusha*, ambalo asili yake ni *kumbuka*, *mb* ni sehemu ya shina, na silabi ni tatu: ku-mbu-sha. Katika *kumbusu*, *m* ni kiambishi, na silabi ni nne: ku-m-bu-su. Kiambishi hicho ni *mu* iliyopoteza irabu. Mbele ya irabu nyingine bado twaiona asili yake, kama katika *mwambie*. Irabu imetoweka, silabi imebaki. Tena katika *akampa* mkazo huangukia *m* yenyewe. Mwenye kuhesabu irabu ataupeleka kwenye *ka*, naye atakosea.

Tofauti hii haimo katika vitenzi tu. Jina la Daraja Mbili, kata ya jiji la Arusha, lina *mbi-li*. Vivyo hivyo *nyumba mbaya* ni mba-ya, lakini *mtu mbaya* ni m-ba-ya.

Hata hivyo, haifai kukimbilia upande wa pili na kudai kwamba silabi hufuata viungo vya neno. *Pigwa* ina viungo pig-w-a, bali silabi zake ni pi-gwa. Kihispania nacho chatoa ushahidi: *cubrimos*, yaani “twafunika”, lina shina *cubr-*, lakini hukatwa cu-bri-mos, ilhali *subrayar*, yaani “kupigia mstari”, hukatwa sub-ra-yar, kwa kuwa *sub-* ni kiambishi kinachotambulikana. Kwetu *mbwa* na *nchi* huwa m-bwa na n-chi kwa sababu mkazo wahitaji silabi mbili.

Madhara ya kanuni hiyo huonekana hasa katika ushairi. Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye uwanja wa michezo wa Arusha waitwa kwa jina lake, alitoa mwaka 1954 *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, na tangu hapo mizani imefundishwa sana shuleni. Sasa tutazame vipande hivi viwili: *Mzazi alimbeba* na *Mzazi alikumbuka*. Kila kimoja kina mizani 8. Kwa kuhesabu irabu, cha kwanza kitakuwa na 6 na cha pili 7, na mwanafunzi aliyetunga sawasawa ataambiwa kuwa shairi lake lina guni.

Kwa hiyo yapasa vitabu vya sarufi viiache kanuni hiyo. Mwanafunzi na aulize kwanza: *m* hii ni ya shina, au ni *mu* iliyofupishwa? Kisha asikilize mkazo, ndipo akate neno.