Kipovu Ndani ya Kikombe cha Simu

Juu ya meza yangu hapa Viwanja Sitini pana vikombe viwili vya nguzo za simu, vile vinavyoshika waya ili umeme usipotelee kwenye nguzo. Kimoja ni cha kauri nyeupe. Nilikiokota siku nguzo kuukuu ilipong'olewa. Cha pili ni cha kioo chenye rangi ya maji ya bahari, nilicholetewa kutoka Marekani na mwanafunzi wangu wa zamani. Kimeandikwa HEMINGRAY-42. Aina hii ilitengenezwa kwa wingi mno mjini Muncie, jimbo la Indiana, hata wakusanyaji huiona ya kawaida. Lakini hiki changu kina kipovu ndani, kikubwa kama punje ya mtama, na kipovu hicho ndicho kinachotamaniwa.

Je, kosa la fundi listahili kusifiwa? Mchanga, magadi na chokaa vikiyeyushwa tanuruni hutoa gesi, nayo huhitaji muda na joto ipate kupanda na kutoka. Kazi ikiharakishwa, gesi hunaswa humo. Hata hivyo umeme wa simu ni mdogo, na kikombe kilifanya kazi yake. Yale meno madogo ya ukingoni, yaliyopewa hataza mwaka 1893, yalidondosha maji ya mvua vilevile, kipovu kiwepo kisiwepo.

Hapa nawaunga mkono wakusanyaji, tena kwa aibu. Chuoni nilipata kusahihisha andalio la somo la mwanachuo mmoja, lenye madoa ya wino kila ukurasa. Nilimpunguzia alama bila huruma. Baadaye niliketi nyuma ya darasa lake, nikaona watoto hawataki kengele ilie. Alama zile sikuzirudisha.

Nisichokubaliana nacho ni bei zao. Kipovu cha kiwandani huipandisha, pengo lililopatikana nguzoni huishusha. Kwa nini? Pengo nalo lina habari yake: pengine ni jiwe la manati (nani kati yetu hakuwahi kulenga vikombe vile utotoni?), pengine ni tawi lililoanguka usiku wa dhoruba.

Kibaya zaidi ni rangi. Kioo cha zamani chenye manganizi, kikikaa juani miaka mingi, hugeuka zambarau chenyewe. Wapo wauzaji wasiongoja jua. Hukipiga mionzi, kikatoka zambarau iliyokoza, kisha hukiuza kama adimu. Kipovu ni kosa lisilomdanganya mtu. Zambarau ile haina kosa hata moja, nayo ni uongo.

Mwanafunzi wangu ameahidi kuniletea cha zambarau safari ijayo. Nimemwandikia kwamba nitakipokea kwa mikono miwili, ila kwanza amuulize muuzaji kilikaa jua la wapi.