Shajara Isiyo ya Siri: Nafsi ya Pili katika Maandishi ya Eugénie de Guérin

Eugénie de Guérin (1805–1848) husomwa kwa namna mbili, na zote mbili zinampunja. Wapo wanaomsoma kama mcha Mungu aliyebahatika kuwa na kalamu. Wengine humsoma kama dada wa mshairi Maurice de Guérin, ambaye sifa yake ilienezwa na George Sand mwaka wa 1840. Makala haya yanaonelea kwamba ufunguo wa shajara yake ni nafsi ya pili, yaani yule "wewe" anayesemezwa.

Alizaliwa Le Cayla, jumba la mashambani kusini mwa Ufaransa, katika ukoo wa kikabaila ulioishiwa mali. Mama yao alipofariki mwaka wa 1819, Eugénie alibaki kuwa mlezi wa Maurice, aliyekuwa hajatimiza miaka 9. Hakuolewa. Shajara tuliyo nayo inaanza mwaka wa 1834, Maurice akiwa Paris baada ya kuishi kwa Lamennais, kasisi aliyekuwa akizozana na Roma. Imani ya nduguye imeanza kuyumba, naye dada anaanza kuandika. Hatuna budi kuyasoma mambo hayo mawili pamoja.

Kwa kawaida shajara huchukuliwa kuwa usemi usio na hadhira. Hii ina msomaji wake tangu ukurasa wa kwanza. Ndiyo maana imesheheni mambo madogo madogo: kusokota uzi, kufua nguo kijitoni, moto wa jikoni, ndege dirishani. Kwa aliye mbali, hayo ni habari za nyumbani. Fauka ya hayo, kila jambo dogo huishia katika sala, na sala hiyo ni ushawishi. Eugénie aghalabu hamhubirii nduguye. Humwonyesha siku moja ambamo Mungu yumo. Pale anapohubiri waziwazi (na hutokea) kurasa zake hupwaya. Sambamba na hayo, dhamiri yake inamsuta: je, raha hii ya kuandika haikuibwa kutoka kwa Mungu? Anaandika hata hivyo, kwa kuwa yupo anayengoja.

Tarehe 19 Julai 1839 Maurice alifariki pale pale Le Cayla. Eugénie hakuiweka kalamu chini. Aliendelea kumwandikia marehemu. Wahakiki wengi huziita kurasa hizi maombolezo tu. Kwangu mimi, ni mtihani wa umbo lenyewe. Sala na barua sasa zimekuwa tendo moja la lugha: zote mbili humwita asiyejibu kwa sauti. Muumini alikuwa amezoea kumsemeza Mungu hivyo. Je, aweza kumsemeza ndugu vivyo hivyo? Kwa muda anamtafuta msomaji aliye hai, Barbey d'Aurevilly, rafiki wa marehemu. Mwishoni mwa mwaka wa 1840 shajara inakoma. Mwandishi aliishi miaka 7 zaidi, akihangaikia maandishi ya Maurice yachapishwe. Yalitoka mwaka wa 1861, yeye akiwa kaburini.

Anayedai kwamba shajara hii ilizaliwa na ucha Mungu peke yake ana deni la kueleza kimya hicho, kwani imani ya Eugénie haikukoma.

Trébutien aliichapisha shajara mwaka wa 1862, na Chuo cha Kifaransa kikaituza. Matthew Arnold naye alimtungia insha nzuri, ingawa anamlinganisha mno na Mprotestanti wa Kiingereza ili kupima madhehebu. Baadaye kitabu kikatolewa kwa wasichana kama kielelezo, jambo ambalo utafiti wa Philippe Lejeune wa 1993 kuhusu shajara za wasichana wa karne hiyo unatusaidia kulielewa. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka jinsi wasia wa Mwana Kupona kwa bintiye ulivyogeuzwa kuwa mwongozo wa mabinti wote. Tofauti ni kwamba Mwana Kupona alijua anafunza. Eugénie alikuwa akimrai mtu mmoja arudi nyumbani.