Mizani ya Ukarimu: Msimulizi wa Rihla ya Ibn Battuta Katika Pwani ya Afrika Mashariki

Rihla ya Ibn Battuta imesomwa mno kama hati ya shahidi, na kwa nadra kama kazi ya fasihi. Mtafiti wa pwani huchota humo aya chache kuhusu Mogadishu, Mombasa na Kilwa, akazitia katika hoja yake, basi. Usomaji wa namna hiyo humsahau msimulizi.

Mzaliwa huyu wa Tangier alizuru pwani mwaka 1331, lakini masimulizi yake yalikamilishwa Fez mnamo 1356, takriban miaka 25 baadaye. Yeye alisimulia, Ibn Juzayy, kwa amri ya Sultani Abu Inan, akaandika na kusanifu. Katibu huyu hakuwa kalamu tupu: maelezo ya Makka na Dameski aliyachota kwa wingi kutoka kwa Ibn Jubayr, msafiri wa karne ya 12. Nafsi ya kwanza inayotamalaki katika Rihla, kwa hiyo, ni ya kubuniwa kwa kiasi fulani.

Nafsi hiyo hupima miji kwa jinsi inavyopokewa. Mogadishu yasifiwa kwa wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na tambuu. Mombasa, alikolala usiku mmoja tu, yapata sentensi chache kuhusu misikiti ya mbao na watu waendao miguu mitupu. Huko Mali, mwaka 1352, Mansa Sulayman alipompelekea mikate mitatu, kipande cha nyama na maziwa ya mgando, msimulizi alicheka kwa dharau.

Kilwa ndiko mizani hii inakolemea zaidi. Anasema mji umejengwa kwa mbao, ilhali mwenyeji wake, Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ndiye anayehusishwa na Husuni Kubwa, jumba kuu la mawe ya matumbawe. Kumwita mwongo hakutatui lolote. Linaloonekana ni kwamba majengo hayamshughulishi. Kinachomshughulisha ni lakabu ya Sultani, Abu al-Mawahib, yaani mwenye vipawa vingi vya kutoa, na kisa kizima chasukwa ili kuithibitisha. Fakiri kutoka Yemen anamwomba Sultani nguo alizovaa. Sultani anazivua na kumpa. Kisha anatajwa nduguye Daud, aliyemrithi, ambaye huwarudisha waombaji mikono mitupu. Kifo cha al-Hasan hakikutokea mbele ya mgeni huyu. Kimeingizwa baadaye kwa ajili ya tanakuzi, na tanakuzi hiyo imefana.

Wahakiki wetu, kwa fahari inayoeleweka, hukikariri kisa hiki kama ushahidi wa ustaarabu wa Kilwa. Mara chache hukifuata hadi mwisho. Mwana wa Sultani anazikomboa zile nguo kwa watumwa kumi, na baba, akifurahishwa na sifa anazomiminiwa, anaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Watu ishirini wanatajwa kwa hesabu, katika orodha moja na pembe. Msimulizi ameshaeleza kwamba Sultani huivamia nchi ya Wazanji na kuteka, naye huviita vita hivyo jihadi. Lakini kati ya uvamizi na zawadi haungi neno. Fakiri ana kauli katika kisa, Daud ana kauli. Hao ishirini hawana hata jina la walikotoka.