Shilingi Tatu Zilizoilipa Safaricom

Agosti 2010 Zain Kenya ilipotangaza shilingi 3 kwa dakika kwenda mitandao yote, wapigaji walishangilia na magazeti yakaandika kwamba ufalme wa Safaricom umefika ukingoni. Bharti Airtel ya India ilikuwa ndiyo kwanza inunue Zain. Mkataba ulikamilika Juni mwaka huo huo, na jina la Airtel lenyewe lilikuwa bado kutundikwa; lilikuja Novemba. Wapo wanaouita uamuzi ule ujasiri. Kwangu ulikuwa kosa la wazi, na lilifanywa na watu waliokuwa na kalamu na karatasi mbele yao.

Tuichukue dakika moja tuipasue. Julai ya mwaka ule tume ya mawasiliano, CCK, ilishusha ada ya muunganisho kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21. Ada hii, kama mjuavyo, mtandao wa anayepiga huulipa mtandao wa anayepokea. Wakati huo Safaricom ilishika zaidi ya robo tatu ya laini zote nchini, kwa hiyo mteja wa Zain akimpigia shangazi, fundi au mwalimu wa mtoto, mara nyingi simu iliangukia Safaricom. Sasa hesabu: katika zile shilingi 3 mlikuwa na VAT ya asilimia 16 na ushuru wa asilimia 10. Serikali ikishachukua chake, zinabaki kama shilingi 2.35. Toa 2.21 ya Safaricom. Zinabaki senti kumi na kitu, na hizo ndizo zilipie dizeli ya jenereta mnarani, kamisheni ya muuza vocha, mishahara, na riba ya mkopo ulionunulia kampuni.

Ndiyo kusema kila mteja mpya aliyevutwa na tangazo lile alikuwa mtaji kwa mshindani. Kadiri promosheni ilivyofaulu, ndivyo Safaricom ilivyolipwa.

Najua utetezi wa wanaouita uamuzi ule ujasiri. Watasema ada hiyo hiyo hulipwa pia kwa Zain pale mtu wa Safaricom anapopiga upande wa pili, kwa hiyo mizani inakaa sawa. Haikai. Ukiwa wewe ndiye wa bei rahisi, marafiki wa mteja wako wanambipu tu na yeye ndiye anayepiga. Simu zinazotoka zinafurika, zinazoingia zinakauka. Watasema pia ada ilikuwa imepangiwa kuendelea kushuka mwaka hadi mwaka. Kweli ilipangiwa, ila mteremko wa mwaka 2011 ulisimamishwa. Mnunuzi aliyejenga bei yake juu ya ratiba ya mdhibiti alikuwa ameweka roho ya biashara mkononi mwa mtu mwingine. Halafu kuna watakaosema Safaricom na mitandao ya Orange na yu nayo ililazimika kushusha bei, soko zima likatikiswa. Lilitikiswa, naam. Lakini Safaricom ilishusha ikiwa na M-Pesa chini yake tangu Machi 2007. Zain ilishusha ikiwa na nini?

Ilikuwa na Zap, huduma yake ya pesa kwa simu iliyoanzishwa 2009, na ndiyo iliyopaswa kupewa kila shilingi ya akiba iliyokuwepo: mawakala, mtaji wa mawakala, wakufunzi wa mawakala. Nimelisema hili mpaka nimechosha watu, na sitaacha. Katika soko la Kenya baada ya 2007 vita havikuwa vya dakika tena. Watu walinunua laini ya Zain, wakaitia kwenye simu ya Kichina ya laini mbili, wakapigia kwa shilingi 3, na mshahara, karo na michango ya harusi vikabaki kwenye laini ya zamani. Aprili 2011 ilipokuja huduma ya kuhama mtandao na namba yako, waliotarajia mafuriko waliona matone. Namba ilihama, pochi ya M-Pesa haikuhama.

Turudi kwenye ununuzi wenyewe, maana hapo ndipo mzizi wa kosa. Bharti ililipia shughuli za Zain katika nchi 15 thamani ya dola bilioni 10.7, deni la bilioni 1.7 likiwa ndani yake. Leseni na minara inahesabika. Kilichozidi hapo ni kilemba: bei ya wateja waliokwisha kukuzoea, wasambazaji wanaokujua, na mtandao unaovuka mipaka. Mtu hulipa kilemba ili asianze sifuri. Bharti ilikilipa, kisha ikaendesha mambo kama mgeni anayefungua duka jipya, ikileta kanuni iliyoipatia ushindi India: bei ya chini kabisa, dakika nyingi kabisa. India wateja walikuwa wamegawanyika kwa kampuni nyingi na ada ya muunganisho ilikuwa ndogo mno. Kenya kulikuwa na jitu moja na ada ya 2.21. Kanuni haikuwa mbaya, ila ilihamishwa bila kupimwa.

Na jina! Laini ile ile ilizaliwa Kencell mwaka 2000, ikawa Celtel 2004, Zain 2008, Airtel 2010. Majina manne ndani ya miaka kumi, na kila mara mnunuzi anafuta ubao ambao mwenzake amelipia rangi. Safaricom, iliyoanza biashara mwaka ule ule wa 2000 chini ya Michael Joseph, haijabadilisha hata herufi.

Zamani kulikuwa na watu waliojua kununua. Mwaka 2004 Vivendi ilitaka kuiuzia MTN hisa zake asilimia 60 za Kencell. Naushad Merali, mbia wake, alifungua mkataba, akaikuta haki yake ya kununua kwanza, akazichukua kwa dola milioni 230 na kuziuza papo hapo kwa Celtel kwa milioni 250. Alijua alichokuwa nacho mkononi. Celtel ya Mo Ibrahim nayo, pamoja na dhambi yake ya kubadili jina, ilijua ilichonunua. Septemba 2006 ikaziunganisha Kenya, Uganda na Tanzania kwa One Network, na mfanyabiashara wa Namanga akapiga kwa bei ya nyumbani pande zote mbili za mpaka. Ule ndio ununuzi: kukitumia kile ambacho anayeanza upya hawezi kuwa nacho.

Haki itendeke: Airtel kuununua mtandao wa Warid Uganda mwaka 2013 ilikuwa kazi safi.

Lakini mwaka mmoja baadaye, mtandao wa yu ulipouzwa Kenya, Airtel ikachukua wateja na Safaricom ikachukua mitambo na minara. Yaani Airtel ikachukua tena watu waliozoea kufuata bei, ikamwachia mshindani chuma kilichosimama ardhini. Februari 2019 ikatangaza kuungana na Telkom Kenya. Agosti 2020 mpango ukafa.

Nawasikia wenye mitaji wakisema siku hizi kwamba kununua biashara iliyosimama ni salama kuliko kuanzisha. Huwa salama kwa anayeketi kwanza na daftari la muuzaji na kuuliza kila shilingi inayoingia inatoka kwa nani, na ikitoka inaenda kwa nani. Wanunuzi wa Zain wangeuliza swali hilo Juni, tangazo la Agosti lisingetoka. Jibu lilikuwa kwenye ankara za muunganisho, na kila mwezi zilikuwa na jina la Safaricom.