Rangi ya Zambarau

Tumezoeshwa kuamini kwamba filamu ya Kiafrika ikitaka heshima lazima itutoe machozi. Weka vita, njaa na ugonjwa, na matamasha ya ng'ambo yatakufungulia mlango. Wanuri Kahiu amekataa hesabu hiyo, na msimamo wake ameuita Afrobubblegum: sanaa yetu nayo ina haki ya kucheka, kuringa na kucheza. Jina linasikika jepesi kama chingamu. Ndiyo maana nataka kulipima kwa Rafiki, filamu yake ya 2018, ambayo iliadhibiwa kwa wepesi huohuo.

Kena na Ziki ni wasichana wa mtaa mmoja Nairobi, na baba zao wanagombea kiti kimoja cha siasa. Wanapendana. Chimbuko ni "Jambula Tree", hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko iliyoshinda Tuzo ya Caine 2007. Jambula ndio ule mti tunaouita mzambarau, na ni kama Kahiu ameponda matunda yake akapaka skrini: nywele za Ziki, kuta, nguo, taa za klabu.

Lakini rangi peke yake haitoshi, bana. Mwanga wenyewe nauona kwenye udadisi wao. Ziki anataka kuzunguka dunia nzima. Kena anasema atakuwa nesi, na Ziki anamuuliza mbona asiwe daktari. Ni swali la kupiga stori tu, lakini baadaye tunamkuta Kena akifanya kazi hospitalini. Kupendwa, kwa filamu hii, ni kupata mtu anayekuona mkubwa kuliko ulivyojikadiria.

Si kila kitu kimekaa fiti. Ushindani wa wale wazee unatumika kama kamba ya kuanikia hadithi, kisha unaachwa ukining'inia. Mama Atim na umbea wake, mhubiri na mahubiri yake: hawa wamechorwa kwa mstari mmoja, na unajua watakachosema kabla hawajafungua mdomo. Hata hivyo, umati unapowavamia wasichana wale, na polisi wanapowakejeli badala ya kuwasaidia, huwezi kusema Kahiu ameificha dunia. Ameiweka palepale kando ya furaha, mtaa uleule, majirani walewale.

Aprili 2018 filamu ilipigwa marufuku nchini, wiki chache kabla ya kuwa filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika uteuzi rasmi wa Cannes. Tangazo lilizungumzia ushoga na sheria. Kahiu naye amesimulia kwamba alitakiwa abadilishe mwisho, kwa sababu ulikuwa na matumaini mno. Hebu fikiria hapo. Kipigo kingeweza kubaki. Machozi yangeweza kubaki. Kilichokera ni mkono mmoja unaotua begani, baada ya miaka ya kutengana. Septemba Mahakama Kuu ilipoisimamisha marufuku hiyo kwa siku 7, watu walijaza kumbi.

Kwa hivyo mtu akikuambia raha ni anasa wakati nchi inaungua, mwonyeshe mwisho wa Rafiki. Wasichana wenye huzuni wangevumiliwa. Waliosumbua ni wale waliothubutu kurudiana.